Jeni inayoziambia jeni nyingine "basi": tunachojifunza kutokana na saratani ya jicho la mtoto



Swali ambalo tumeulizwa mara nyingi na kamati za afya ni hili: inakuwaje mtoto wa mwaka mmoja apate saratani? Kwa mtu mzima tunaelewa, au tunadhani tunaelewa. Amevuta tumbaku miaka 30, amekunywa pombe, amekaa na moshi wa kuni tangu utoto. Lakini mtoto ambaye bado ananyonya amekosea wapi? Swali hili likikosa jibu la kweli, jibu jingine hupatikana haraka pale kijijini: mama alivunja mwiko wakati wa mimba, ukoo wa baba una laana, jirani ana jicho baya. Tumeona inafaa kurasa hizi zitumike kulijibu vizuri, kwa sababu jibu lipo. Tena ni jibu linalobadili yale ambayo kamati inapaswa kufanya mtoto wa namna hiyo anapopatikana katika kigango chake.

Tutatumia ugonjwa mmoja kama mfano. Unaitwa retinoblastoma, yaani saratani ya retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Humpata mtoto mmoja kati ya 16,000 hadi 18,000 hivi wanaozaliwa hai, na karibu wote hugundulika kabla ya kutimiza miaka mitano. Ni ugonjwa wa nadra, lakini nadra isitudanganye: katika nchi yenye vizazi zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kama Tanzania, hesabu hiyo ina maana ya watoto zaidi ya 100 kila mwaka. Dalili yake ya kwanza mara nyingi huonwa na mama mwenyewe. Mboni, ambayo kwa kawaida ni nyeusi, hung'aa nyeupe au manjano mwanga ukiingia kwa pembe fulani, hasa jioni au katika picha iliyopigwa kwa flashi. Wengine huita jicho la paka. Dalili ya pili kwa wingi ni makengeza yaliyoanza tu bila sababu.

Kitabu kimoja, kurasa mbalimbali

Kila mmoja wetu alianza akiwa seli moja, iliyotokana na yai la mama na mbegu ya baba. Seli hiyo iligawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, na kabla ya mtoto kuzaliwa zimekwisha kuwa mabilioni kwa mabilioni. Katika kila mgawanyiko, seli hunakili maagizo yote ya urithi, yaani DNA, ili kila seli mpya ipate nakala yake. Maagizo hayo yamepangwa katika kromosomu 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, na ndani yake zimo jeni zipatazo 20,000 zinazoeleza jinsi ya kutengeneza protini. Protini ndizo zinazofanya kazi za mwili.

Sasa, jambo ambalo wengi hatukufundishwa shuleni ni hili: seli ya ini na seli ya jicho zina kitabu kilekile. Hakuna hata moja iliyopewa kitabu cha jicho peke yake. Tofauti yao iko katika kurasa zinazosomwa. Seli ya ini hufungua kurasa za kusafisha damu na kuzifunga za kupokea mwanga. Seli ya retina hufanya kinyume chake. Mtoto anapokua tumboni, kazi kubwa haiko katika kuongeza idadi ya seli tu. Iko katika kuhakikisha kwamba kila seli inafungua kurasa zake, kwa wakati wake, na kuzifunga zile ambazo hazitaihusu tena.

Nani anaamua? Jeni nyingine. Baadhi ya jeni hutengeneza protini ambazo kazi yake ni kukaa juu ya DNA na kufungua au kufunga jeni nyingine. Kwa hiyo ndani ya seli upo uongozi, tena wa ngazi nyingi: zipo jeni zinazoamriwa, zipo zinazoamuru, na zipo zinazowazuia wale wanaoamuru. Hizi za mwisho ndizo tunazozungumzia.

Mshika funguo

Lipo kundi la protini linaloitwa E2F. Protini hizi zikikaa mahali pake kwenye DNA, hufungua jeni nyingi kwa pamoja, zote zikiwa ni zile ambazo seli huzihitaji ili ijigawe: za kutengeneza malighafi ya DNA, za kuinakili, za kuendesha mgawanyiko wenyewe. E2F zikiachwa huru, seli hugawanyika bila kuuliza kama imetumwa.

Kazi ya kuzishika E2F imekabidhiwa protini nyingine, ambayo jina lake ni RB, nayo hutengenezwa na jeni iitwayo RB1 iliyoko kwenye kromosomu ya 13. RB hufanya kazi hiyo kwa njia mbili. Kwanza, huifunika ile sehemu ya E2F inayofungulia jeni, kama mtu anayeshika kiganja chenye ufunguo. Pili, huwaita wasaidizi. Ikumbukwe kwamba DNA ndani ya seli haikulala wazi. Imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani. Uzi ukilegezwa, jeni iliyopo hapo husomeka. Ukikazwa, haisomeki. RB huleta vimeng'enya vinavyoondoa zile alama za kulegeza uzi, na jeni za mgawanyiko zinabaki zimefungwa hata kama ufunguo uko karibu.

RB lakini si kufuli la kudumu. Mwili unapohitaji seli zaidi, kwa mfano kidonda kinapopona au kiungo cha mtoto kinapokua, ujumbe huja kutoka nje ya seli. Vimeng'enya fulani hubandika alama za fosfeti kwenye RB, mkono wake hulegea, E2F huachiwa, na seli hujigawa mara moja. Baada ya hapo alama huondolewa na RB hurudi kazini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mlango hufunguliwa kwa hati, halafu hufungwa.

Wataalamu huziita jeni za namna hii jeni za kuzuia uvimbe. Jina hilo kwa kweli halitufurahishi, ingawa limekwisha kuzoeleka. Ni sawa na kumwita mwalimu mkuu "mzuia utoro". Ni kweli kwamba asipokuwepo utoro huongezeka, lakini hakuajiriwa kwa ajili hiyo tu. RB ilipewa jina la ugonjwa kwa sababu watu waliifahamu kwanza pale ilipokosekana. Kazi yake ya kila siku ni kusaidia mwili ujengeke.

Panya walioonyesha kazi yake ya kweli

Mwaka 1992 maabara tatu, za Marekani na Uholanzi, zilitoa taarifa za jaribio linalofanana. Walizalisha panya wasio na jeni ya RB kabisa, si nakala ya mama wala ya baba. Mtu angetegemea panya waliojaa uvimbe. Sivyo ilivyokuwa. Vijusi hivyo vilikufa tumboni, vikiwa na umri wa wiki mbili hivi tangu mimba kutungwa, wakati mimba ya panya huchukua wiki tatu. Damu yao haikukomaa vizuri, na katika mfumo wa fahamu seli zilizopaswa kuwa zimeacha kugawanyika ziliendelea, kisha zikafa kwa wingi. Mwaka 2003 watafiti wa Ohio waliongeza jambo ambalo halikutarajiwa: sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa kwenye kondo la nyuma. Bila RB, kondo hilo lilikua ovyo na kushindwa kulisha kijusi. Kijusi kilichokosa RB kikipewa kondo zima, kiliweza kufika siku ya kuzaliwa, ingawa hakikuishi baada ya hapo.

Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kabla RB haijawa kinga ya saratani, ni fundi wa ujenzi. Seli changa ya msuli, kwa mfano, ina mambo mawili ya kufanya ili ikomae: iache kugawanyika, na ifungue jeni za kazi ya msuli. RB hushiriki katika yote mawili. Inazifunga zile za kwanza na kusaidia kufunguliwa kwa zile za pili. Katika mfupa ni vivyo hivyo. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba RB hushirikiana moja kwa moja na protini inayoongoza ukomavu wa seli za mfupa. Tuwaombe wanakamati walishike hili la mfupa, tutalirudia.

Kwa maneno mengine, RB huzuia upande mmoja na kuruhusu upande mwingine, na kwa njia hiyo seli huacha utoto na kupewa kazi. Retinoblastoma ni ugonjwa wa seli iliyonyimwa nafasi hiyo. Haikuvamiwa na kitu kutoka nje. Ilikuwa njiani kuwa sehemu ya jicho, ikakosa wa kuiambia "basi".

Hesabu ya Dk. Knudson

Madaktari walijua zamani kwamba ugonjwa huu wakati mwingine hufuata ukoo. Mwaka 1872, huko Brazil, daktari wa macho Hilário de Gouvêa alimtoa mtoto wa kiume jicho lenye uvimbe. Mtoto huyo akapona, jambo lisilo la kawaida kwa wakati ule, akakua, akaoa. Mabinti zake wawili wakapata ugonjwa uleule. Lakini watoto wengi zaidi walioletwa hospitalini hawakuwa na ndugu yeyote mgonjwa. Ugonjwa mmoja ulikuwa wa kurithi kwa huyu na wa bahati mbaya kwa yule, na hakuna aliyeweza kueleza.

Aliyeeleza ni Dk. Alfred Knudson, daktari wa watoto aliyekuwa Houston, Texas. Mwaka 1971 alichapisha uchunguzi wa watoto 48. Hakuwa na vifaa vya kusoma jeni, havikuwepo. Alikuwa na majalada, kalamu na umri wa kila mtoto siku ugonjwa ulipogunduliwa. Aliona kwamba watoto wenye uvimbe katika macho yote mawili waliugua mapema zaidi, na kwamba umri wao ulifuata mstari wa jambo linalohitaji ajali moja tu. Wale wa jicho moja waliugua baadaye, na umri wao ulifuata mkunjo wa jambo linalohitaji ajali mbili.

Maelezo yake ni haya. Kila seli ina nakala mbili za jeni hii, ya mama na ya baba. Nakala moja ikiharibika, nyingine bado hutengeneza RB ya kutosha, na seli haina shida. Ni mpaka zote mbili ziharibike katika seli ileile. Mtoto aliyezaliwa na nakala mbili nzima lazima apate ajali mbili ndani ya seli moja, na hilo ni nadra mno; ndiyo maana huugua jicho moja, na baadaye kidogo. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli ya mwili wake anahitaji ajali moja tu, na retina yake ina mamilioni ya seli. Kwake ajali hiyo ni karibu lazima itokee mahali fulani, mara nyingi mahali zaidi ya pamoja.

Mwaka 1986 jeni yenyewe ilipatikana, kwa kazi ya Stephen Friend, Robert Weinberg, Thaddeus Dryja na wenzao huko Marekani. Ilikuwa jeni ya kwanza ya kuzuia uvimbe kutengwa na kusomwa. Knudson alikuwa sahihi.

Ajali hizo hutoka wapi? Kila seli inaponakili DNA, herufi chache hukosewa. Karibu zote hurekebishwa, na nyingi ya zinazobaki hazina madhara. Mara moja moja kosa huangukia RB1. Inaweza kutokea katika seli ya retina, au katika mbegu ya baba au yai la mama kabla mimba haijatungwa. Takriban watoto 40 kati ya 100 wenye ugonjwa huu wana kosa la kurithika, lakini wengi wao ndio wa kwanza katika ukoo. Wazazi wao hawana kosa hilo. Hapa tuseme waziwazi, kwa kuwa tunajua yanayosemwa kwenye misiba na vilinge: chakula alichokula mama hakikuleta ugonjwa huu, wala ugomvi wa mawifi, wala mwiko wowote. Mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya jicho la mtoto anamwadhibu kwa kosa la kunakili ambalo hakuna binadamu aliyelifanya.

Kwa nini jicho, na kwa nini utotoni?

Kama RB inahitajika mwili mzima, kwa nini uvimbe uanzie kwenye jicho? Swali hili lilisumbua kwa miaka mingi, na panya walizidi kulichanganya: panya wenye nakala moja mbovu hawapati uvimbe wa jicho, wanapata wa tezi iliyo chini ya ubongo. Ilikuja kufahamika kwamba RB ina ndugu wawili wa karibu, p107 na p130, wanaofanana nayo kazi. Katika jicho la panya, RB ikikosekana ndugu hushika nafasi. Mwaka 2004 watafiti walipoondoa RB pamoja na p107, panya nao wakapata saratani ya retina.

Kwa binadamu jibu limepatikana zaidi kati ya mwaka 2009 na 2014. Retina ina seli aina nyingi, zikiwemo zile ziitwazo koni, zinazotuwezesha kuona rangi. Seli changa ya koni ya binadamu, ikiwa njiani kukomaa, hubeba kwa wingi protini kadhaa zinazosukuma mgawanyiko na kuzuia seli isijiue inapoharibika. Kwa kawaida haina madhara, maana RB ipo na imeikalia. RB ikiondoka, seli hiyo ina kila kitu tayari kwa kuendelea kugawanyika. Seli nyingine nyingi zikipoteza RB hufa au husimama. Koni changa haifi. Na kwa kuwa koni changa zipo kwa kipindi kifupi tu, kuanzia tumboni hadi miaka ya mwanzo, ugonjwa huu ni wa watoto. Retina ikishakomaa, dirisha limefungwa.

Mlango uleule, mgeni mwingine

Tupitie kwa haraka jambo linalowahusu akina mama wa parokia. Virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, havina haja ya kuharibu jeni ya RB. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba virusi hivyo hutengeneza protini, E7, inayoikamata RB yenyewe na kuitoa kwenye E2F. Mama mzima mwenye jeni nzima hujikuta na seli zilizokosa mshika funguo. Tofauti kubwa ni kwamba huyu mgeni ana chanjo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake kitaifa mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Kamati zinazosikia uvumi kwamba chanjo hiyo inaua uzazi zina haki ya kujibu kwa sauti.

Yanayoihusu kamati

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowahusu watoto 4,351 wa retinoblastoma kutoka nchi 153, wote waliogunduliwa mwaka 2017. Katika nchi tajiri, umri wa kati wa watoto walipogunduliwa ulikuwa miezi 14 hivi. Katika nchi za kipato cha chini ulikuwa miezi 30 na zaidi. Katika nchi tajiri, hawakufika hata 2 kati ya 100 ambao saratani ilikuwa imeshatoka nje ya jicho. Katika nchi za kipato cha chini walikuwa 49 kati ya 100. Jeni ni ileile, jicho ni lilelile. Kilichotofautiana ni miezi 16.

Miezi hiyo hupotelea wapi? Hupotelea kwenye dawa ya macho ya matone iliyonunuliwa dukani, kwenye "tusubiri atembee kwanza", kwa mganga, na, tuseme kweli, katika zahanati ambako mama huambiwa ni mtoto wa jicho au yatapita tu. Mtoto wa jicho naye hufanya mboni kuwa nyeupe, lakini hata huo kwa mtoto ni wa kupelekwa haraka. Kwa hiyo agizo letu kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo ni fupi: mboni nyeupe kwa mtoto ni rufaa ya wiki hiyohiyo kwa daktari wa macho, bila kusubiri mkutano wa kamati. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Kenyatta ya Nairobi zinapokea wagonjwa wa namna hii. Huko Mbarara, Uganda, kituo cha macho cha Ruharo, kilicho cha Kanisa la Uganda, kilianza mwaka 2009 kutoa dawa za saratani hapohapo badala ya kutegemea upasuaji pekee, na watoto wanaopona wakaongezeka. Tunakitaja kwa sababu si kituo cha mabilioni. Ni hospitali ya kanisa mikoani.

Tiba hutegemea hatua. Uvimbe mdogo huweza kutibiwa kwa leza, kwa baridi kali au kwa dawa, na jicho likabaki. Uvimbe mkubwa ulio bado ndani ya jicho mara nyingi hudai jicho litolewe, na hapa ndipo wazazi wengi humchukua mtoto na kuondoka naye usiku. Tunawaelewa. Lakini jicho hilo kwa kawaida limekwisha kupoteza kuona, na kulitoa wakati huo huokoa maisha ya watoto walio wengi. Saratani ikishapita kwenye mshipa wa jicho kuelekea ubongo, hali ni nyingine kabisa. Mzazi anayesitasita asaidiwe kuonana na mzazi mwingine ambaye mtoto wake ana jicho la bandia na anaenda shule. Hotuba yetu sisi haifiki pale anapofika huyo.

Wafadhili wetu huuliza kwa nini maombi yetu ya fedha yana mafungu ya nauli, ya malazi ya mama na ya "uchunguzi wa ndugu", ambayo kwenye karatasi hayapendezi kama mashine. Fungu la nauli ni kwa sababu dawa hutolewa kwa mizunguko, na mtoto anayepata mzunguko wa kwanza na kukosa wa pili yuko hatarini sana. Fungu la ndugu linatokana moja kwa moja na hesabu ya Dk. Knudson. Mzazi mwenye nakala mbovu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipitisha kwa kila mtoto. Kipimo cha damu kingeonyesha nani anayo na nani hana. Pale kisipopatikana, inabidi kila mdogo wake mgonjwa achunguzwe macho kwa dawa ya kupanua mboni, tangu wiki za kwanza baada ya kuzaliwa na mara kwa mara hadi miaka ya shule. Uvimbe ukionekana ukiwa mdogo kama punje ya mtama, jicho linaokoka pamoja na mtoto. Hata mtoto aliyeugua jicho moja tu asipuuzwe, kwani kati ya hao takriban 15 katika kila 100 wana kosa la kurithika.

Mwisho ni wale waliopona wakakua. Ambaye alikuwa na ugonjwa wa kurithi bado ana nakala moja tu nzima katika kila seli, ikiwemo ya mfupa, ambako RB, kama tulivyosema, ina kazi yake ya ukomavu. Hatari yake ya kupata saratani ya mfupa ni kubwa kuliko ya wenzake, na huongezeka zaidi pale alipowahi kutibiwa kwa mionzi. Kijana wa namna hiyo akilalamika maumivu ya mguu yasiyoisha kwa wiki kadhaa, au uvimbe karibu na goti, asipewe dawa ya kutuliza akarudishwa nyumbani. Apigwe picha ya mfupa, na mhudumu aelezwe wazi kwamba utotoni alitolewa jicho na kwa nini. Akifikia kuoa au kuolewa, aambiwe mapema kwamba anaweza kupata watoto, na kwamba kila mtoto wake aonwe na daktari wa macho ndani ya wiki chache za kuzaliwa. Taarifa hizi ziandikwe kwenye kadi yake ya kliniki na nakala ibaki katika jalada la kamati, maana katibu hubadilika na mama mwenye kumbukumbu naye huhama.